Bato Iliyobadili Bendera: Kingani, ndiyo Fifi, kwenye Ziwa Tanganyika



Katika somo la historia tulifika kwenye vita ambavyo Waamerika walipigana na Waingereza kwa kutafuta uhuru wao, toka 1775 mpaka 1783. Kwenye kitabu tukakuta neno la Kifaransa, corsaire. Mmoja wetu akainua mkono: “Mwalimu, corsaire njo mwizi wa bahari?” Mwalimu akafikiri kidogo, akajibu: “Mwizi, ndiyo. Lakini huyu iko na karatasi.” Darasa zima tukacheka, maana sisi watu wa Goma tunamjua vizuri mtu mwenye bunduki na karatasi. Mwalimu hakucheka. Akatupa kazi: tutafute kama jambo la namna hiyo lilipata kutokea kwenye maziwa yetu, na tuliandike hapa ili wengine wasome. Tulikuwa wanafunzi sita. Tulisoma, tukabishana sana, na mara mbili tulitaka kuacha.

Kwanza tueleze ile karatasi. Waamerika wa wakati ule hawakuwa na meli za vita za kutosha. Basi mwezi wa Machi 1776 mkutano wao mkuu ulitoa ruhusa: mfanyabiashara mwenye meli yake aweke mizinga, aandike mabaharia, na serikali itampa barua ya kukamata meli za Waingereza. Lakini hakupewa bure. Aliweka dhamana, dola 5,000 kama meli yake haikufika tani 100, na dola 10,000 kama ilizidi hapo. Akikamata meli hana ruhusa ya kugawa mali palepale baharini. Lazima aipeleke bandarini mbele ya waamuzi. Wakiona ni ya adui kweli, inauzwa, na bei wanagawana mwenye meli na mabaharia wake. Katika vita vile barua karibu 1,700 zilitolewa. Ndiyo kusema tofauti ya corsaire na mnyang'anyi haikuwa kwenye mzinga wala kwenye moyo wake. Ilikuwa kwa mwamuzi aliyemngojea bandarini. Mwamuzi akikosekana, karatasi peke yake haina maana.

Meli moja ya kazi ile iliitwa Grand Turk, ya tajiri Elias Hasket Derby wa mji wa Salem. Ilishushwa majini 1781, ikakamata meli nyingi za Waingereza, na vita vilipokwisha ikageuka meli ya biashara. 1786 ilifika Canton kule China. Tunaitaja juu ya jambo moja. Watu wa Salem walizoea bahari za mbali, na mwishowe wakafika mpaka Unguja. Amerika ilipatana na Sultani Seyyid Said 1833, na balozi wa kwanza, Richard Waters, aliyefika 1837, alikuwa mtu wa Salem. Walileta nguo nyeupe za pamba, wakachukua pembe za tembo na sandarusi. Nguo zile wapagazi walizifikisha Ujiji na ng'ambo ya ziwa, nasi mpaka leo tunasema amerikani. Mama anayeuliza bei ya amerikani sokoni hajui kwamba anataja biashara iliyoanzishwa na wajukuu wa wateka-meli!

Tarehe 16 Aprili 1856, kule Paris, mataifa makubwa ya Ulaya yalikubaliana kwamba mtu binafsi asipewe tena barua ya kuteka meli. Amerika haikutia sahihi, lakini desturi yenyewe ikafa polepole. Kwa hiyo tukisema kweli, kwenye maziwa yetu hatukumpata corsaire wa namna ya Salem. Tulipata kitu cha karibu naye sana: bato ndogo ya Wadachi, ambayo ilikamatwa, ikashushwa bendera yake, ikapewa jina la adui, kisha ikatumwa kuwawinda ndugu zake wa jana. (Wadachi ni Wajerumani. Tunaacha jina ambalo wazee wetu walilitumia.)

Jina lake la kwanza ni Kingani, jina la mto ulio karibu na Bagamoyo. Ilitengenezwa Papenburg, Ujerumani, kwenye kiwanda cha Meyer, miaka ya 1890, ikafanya kazi ya serikali kwenye pwani ya bahari. Ilikuwa ndogo, urefu wake kama meta 17 hivi. Ukisimama kwenye bandari yetu ya Goma na kuangalia mabato yanayopakia watu wa Bukavu, Kingani ingepotea katikati yao. Lakini mwanzo wa 1914 reli ya Wadachi toka Dar es Salaam ilikuwa imefika Kigoma, zaidi ya kilometa 1,200. Vita vilipoanza, Kingani ikapakiwa kwenye gari la moshi, ikaja ziwani. Samaki wa bahari akaletwa kwenye ziwa kwa njia ya nchi kavu.

Ilimkuta pale dada yake mkubwa, Hedwig von Wissmann, iliyokuwa kwenye ziwa tangu zamani. Hedwig ndiyo ilianza ugomvi. Kongo ilitaka kukaa nje ya vita, kufuatana na Mkataba wa Berlin wa 1885. Tarehe 22 Agosti 1914 Hedwig ikaja kwenye pwani ya Lukuga, pale panapoitwa leo Kalemie, ikaipiga mizinga bato ya Wabelgiji, Alexandre Delcommune, mpaka haikuweza tena kutembea. Hapo kukaa nje ya vita kukaisha. Mwezi uliofuata, kwenye ziwa letu Kivu, Wadachi wakakamata kisiwa cha Idjwi, na toka hapo waaskari wa Goma na waaskari wa Kisenyi wakakaa kutazamana kwa bunduki, mahali ambapo siku hizi watu wanapita na ndizi na nyanya zao.

Hapa tuweke kicheko kidogo, maana kipo. Dada wa Hedwig hakuwa Kingani peke yake. Kwenye ziwa Nyasa kulikuwa na bato iliyopewa jina la bwana wake, Hermann von Wissmann. Kapteni wake Mdachi na kapteni Mwingereza wa ziwa lile walikuwa marafiki wa kunywa pamoja. Mwezi wa Agosti 1914 Mwingereza, Rhoades, aliyejua habari za vita, alikuja akapiga bato ya rafiki yake iliyokuwa imepandishwa kwenye nchi kavu kutengenezwa. Yule Mdachi akapanda mtumbwi wake, akaenda kwa hasira kumuuliza rafiki yake kama amelewa. Hakuna mtu aliyemwambia kwamba vita vimeanza! Akafanywa mfungwa.

Turudi. Kwa mwaka mzima na zaidi Wadachi walikuwa mabwana wa Tanganyika. Ni ziwa la karibu kilometa 670 kwa urefu. Mwenye bato ndiye anachagua siku na mahali. Asiye na bato analinda pwani yote na hapati usingizi. Mwezi wa Aprili 1915 mwindaji mmoja wa tembo, John Lee, akawaendea wakubwa wa meli za vita kule London akawaonyesha njia: kuleta mabato mawili ya haraka ya mota, yapitie Afrika ya Kusini na Katanga, yashushwe ziwani upande wa Wabelgiji bila Wadachi kujua. Wakubwa wakakubali. Wakamweka Geoffrey Spicer-Simson awe mkubwa wa safari. Yeye alitaka mabato yaitwe Paka na Mbwa, wakubwa wakakataa. Basi akayaita Mimi na Toutou, na wao wakapokea. Watoto wa Wafaransa njo wanaita paka na mbwa hivyo.

Mabato yakatoka London tarehe 15 Juni 1915, yakafika Cape Town baada ya siku 17, yakapanda gari la moshi mpaka Elisabethville, ndiyo Lubumbashi ya leo, na mbele kidogo mpaka Fungurume. Hapo reli ikaisha. Kutoka Fungurume mpaka Sankisia ni karibu kilometa 230 za pori, na katikati iko milima ya Mitumba. Walipita juu zaidi ya meta 1,800. Kila bato ilikuwa na urefu wa meta 12, imelala juu ya gari la magurudumu.

Sasa hapa tunaomba msomaji asipite haraka. Vitabu vinapenda kusema kwamba Waingereza “walivusha” mabato milimani. Lakini nani alivuta? Kulikuwa na masini mbili za moshi, kulikuwa na ng'ombe wengi, na kulikuwa na watu. Watu walikata miti, wakavunja mawe, wakatengeneza madaraja zaidi ya 150 ya miti na udongo. Masini zile zilikula kuni na kunywa maji kuliko tembo, na ilikuwa kiangazi, mito imekauka. Maji yakaletwa na wanawake wa vijiji, mitungi kichwani, kilometa nyingi, ili masini ipande mlima wa mzungu. Mmoja wa kikundi chetu, msichana, anasema huo ndio mlango anaoukumbuka kuliko mizinga yote, kwa sababu yeye pia anajua uzito wa bido la lita ishirini kutoka ziwani. Tuliandika jambo hilo hapa kwa kuwa alidai tuliandike. Na wale wa Mitumba ni sehemu ndogo tu. Katika vita vile vyote, wapagazi waliobeba vitu vya jeshi la Kongo walizidi 200,000. Wengi walikufa kwa ugonjwa na njaa, si kwa risasi.

Toka Sankisia, gari la moshi tena, halafu mto Lualaba toka Bukama mpaka Kabalo, halafu reli ya mwisho. Mwisho wa mwezi wa Oktoba 1915 Mimi na Toutou walikuwa karibu na ziwa, wamefichwa. Walingoja bandari ndogo itengenezwe Kalemie, na siku chache mbele ya Noeli wakashushwa majini. Kila mmoja alikuwa na mzinga mdogo mbele na masinigani nyuma.

Tarehe 26 Desemba 1915 ilikuwa siku ya Mungu. Asubuhi Waingereza walikuwa kwenye ibada, Spicer-Simson mwenyewe akiongoza, ndipo habari ikafika: bato ya Wadachi inaonekana. Wanasema hakukatiza, alimaliza ibada kwanza. (Tulibishana kama ilikuwa imani au majivuno. Kura zilikuwa tatu kwa tatu.) Bato ile ilikuwa Kingani, imekuja kupeleleza nini Wabelgiji wanajenga pale. Mkubwa wake aliitwa Junge.

Waliiacha ipite, kisha wakatoka nyuma yake. Hapa akili ndogo ilishinda. Mzinga wa Kingani ulikuwa mbele, haukuweza kupiga kinyume. Mwenye mbio akikaa nyuma yako, lazima ugeuke ili umpige, na ukigeuka unampa ubavu. Kingani ilikwenda polepole kwa moshi wa kuni. Mimi na Toutou walikwenda kwa mota, karibu mara mbili ya mbio zake. Mambo yalikwisha kwa dakika 11. Risasi moja ya mzinga ilipita kwenye chuma cha kinga cha mzinga wa Kingani, ikamwua Junge na wengine waliokuwa pale. Fundi wa masini akatoka chini, akaona wakubwa wake wamekufa, akashusha bendera.

Kushusha bendera, kwa sheria ya bahari, ni kusema: acheni kupiga, bato ni yenu. Ni ile sheria ya zamani ya wateka-meli, imebaki nzima. Mimi ilipokaribia kuchukua mateka, ikagonga ubavu wa Kingani, ikaumia yenyewe. Wakaivuta Kingani mpaka Kalemie ikijaa maji, ikalala kwenye mchanga penye maji mafupi. Watu wa pwani, Waholoholo na wengine, walijaa kutazama. Spicer-Simson akapanda sana machoni pa watu. Alikuwa na desturi ya kuvaa kitu kama sketi kwa sababu ya joto, na watu walikuwa wamempa jina la utani juu ya nguo ile. Sasa lile jina likageuka jina la heshima. Wadachi waliokufa walizikwa kwa heshima ya kiaskari. Mabaharia weusi wa Kingani, watu wa pwani na wa Kigoma, wakawa wafungwa wa vita, na katika habari za siku ile wanahesabiwa tu, hawaitwi kwa majina.

Mafundi wakaziba tundu la Kingani. Wakaongeza nyuma mzinga, na mbele wakaweka mzinga mkubwa zaidi, uliotoka kwa Wabelgiji. Na jina? Baada ya Paka na Mbwa, ikaitwa Fifi, kama sauti ya ndege mdogo. Kingani ilikufa siku hiyo, na Fifi ikazaliwa kwa chuma kilekile.

Kigoma walingoja. Kingani haikurudi. Wakafikiri labda mizinga ya pwani imeizamisha. Basi tarehe 9 Februari 1916 Hedwig ikatumwa kutafuta dada yake. Mkubwa wake, Odebrecht, aliona moshi mbele, na katika moshi ule akaona umbo analolijua. Alikuja kutafuta Kingani, naye kweli aliipata, lakini ilikuwa inamfuata na bendera ya Waingereza juu.

Akageuka akimbie. Fifi ilikuwa nzito, na kila mara mzinga wake mkubwa ulipolia, bato yote ilisita kama mtu aliyepigwa kifuani. Hedwig ikaanza kuiacha. Mimi, yenye mbio, ikatangulia, ikawa inauma miguu ya Hedwig, inapiga na kurudi nyuma, ili Hedwig igeuke na kupoteza njia. Ndipo mkubwa wa Mimi akarudi kando ya Fifi akapaza sauti kumwambia Spicer-Simson kwamba risasi zake zote zinapita juu. Zilibaki chache sana. Moja ikagoma ndani ya mzinga, na wakakaa karibu dakika 20 bila kuweza kupiga, wakiogopa ipasuke mikononi. Ikatolewa, ikatupwa majini. Risasi iliyofuata ikaingia kwenye masini ya Hedwig. Ikawaka, ikazama. Wengine walikufa, waliobaki wakaokolewa na wale waliowapiga.

Ndiyo kazi ya Fifi yote kwa vita: pigano moja tu. Lakini liligeuza ziwa.

Sasa mtauliza: na ile meli kubwa? Kesho yake, tarehe 10, ilitokea. Graf von Götzen, karibu meta 70, iliyoletwa toka Papenburg katika masanduku 5,000 na kuunganishwa Kigoma, ikashushwa majini tarehe 5 Februari 1915. Ilikuwa na mzinga wa milimeta 105, uliotolewa kwenye meli ya vita Königsberg iliyozama mto Rufiji. Spicer-Simson akaiangalia kwa kioo cha mbali, akakataa kutoka. Watu wake walikasirika. Sisi tumegawanyika tena: wengine wanamwita mwoga, wengine wanasema kapteni mwenye mbao hawezi kupigana na chuma. Mwalimu wetu alisema tu kwamba waliokasirika hawakuwa na kazi ya kuandikia mama za marehemu barua.

Jina Götzen liko karibu nasi kuliko mnavyofikiri. Mdachi yule ndiye alifika kwenye ziwa Kivu mwaka wa 1894 na kupanda Nyiragongo, mlima unaotumulika usiku. Baadaye akawa gavana wa Dar es Salaam, toka 1901 mpaka 1906, wakati wa vita vya Maji Maji, ambapo jeshi lake lilichoma mashamba na njaa ikaua watu wengi sana.

Meli yake haikupigana kamwe na Fifi. Mwezi wa Juni 1916 ndege za Wabelgiji, zinazotua majini, zilirusha mabomu Kigoma. Jeshi la Kongo lilikuwa limeteremka toka huku kwetu kaskazini. Liliingia Kigali tarehe 6 Mei. Wadachi wakaona Kigoma haitashikika. Tarehe 26 Julai 1916 wakaizamisha Götzen wao wenyewe karibu na mdomo wa mto Malagarasi, lakini mafundi wake kwanza walipaka masini mafuta mazito kila mahali. Siku mbili baadaye Kigoma ikaanguka. Mafundi wale walikuwa na akili ya mbele: Waingereza waliitoa majini 1924, masini zikakubali, na tarehe 16 Mei 1927 ikaanza safari ikiitwa Liemba, jina la zamani la ziwa. Fifi haikufika siku hiyo. Kufika wakati ule ilikuwa imekwisha kutoka kazini, imechoka.

Liemba iliendelea. Mwaka wa 1997, baada ya vita vya huku kwetu, ilikodishwa na Umoja wa Mataifa kuwarudisha wakimbizi wa Kongo toka Kigoma mpaka Uvira. Kwa miezi mitano ilifanya safari 22 na kubeba watu zaidi ya 75,000. Mama mkubwa wa mmoja wetu alikuwa ndani yake na watoto watatu. Tulipomwuliza juu ya meli ya Wadachi, ya mizinga na ya Götzen, alisema hakujua hayo. Alijua tu kwamba ilikuwa imejaa mno, kwamba usiku ulikuwa na baridi, na kwamba asubuhi mtu mmoja alipiga kelele akisema anaona milima ya Uvira.

Maswali kwa wenye kutaka kujipima. Majibu mlete kwa mwalimu wa historia kabla ya mwisho wa juma. Juu ya nini Kingani haikuweza kuwapiga waliokuwa nyuma yake? Kama fundi yule asingeshusha bendera, Spicer-Simson angekuwa na haki gani juu ya bato? Na yule mwanamke wa Mitumba mwenye mtungi, je, naye alikuwa vitani?